Ukarabati wa Chumba cha Boila na Pampu katika Nyumba ya Wazee, Mji Mkongwe: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yameulizwa barazani, kwenye ngazi, kwa simu kutoka Muscat na Dubai, na mara nyingi mlangoni mwa chumba chenyewe wakati fundi ana mikono michafu. Yamekusanywa hapa ili kila mkaazi wa nyumba hii ya wakfu, pamoja na wanawe na wajukuu, apate jibu moja. Mwenye nyumba ya aina hii kwengine, Unguja au Pemba, naye atapata la kuchukua.

Kinachokarabatiwa hasa ni nini?

Chumba kilicho chini ya ngazi, upande wa uani. Ndani yake mna pampu inayopandisha maji juu, boila la umeme la lita 300, bodi ya swichi, na fungu la mabomba ya mabati ambayo hakuna aliye hai anayejua yote yanakwenda wapi. Vitu vyote hivyo vinatoka. Vinabaki kuta na kisima, na kisima hatukigusi.

Badala yake panakuja tangi la lita 5,000 uani, pampu mbili (moja ya kazi, moja ya akiba), tangi la lita 500 juu ya paa, na hita mbili za jua za lita 200 kila moja, zenye elementi ya umeme kwa siku za mawingu. Mabomba yatakuwa ya plastiki ngumu ya kuchomelea, ile PPR ambayo mafundi wote sasa wanaijua, isipokuwa kipande cha kwanza kinachotoka kwenye hita. Hicho kitakuwa cha shaba, maana jua la Januari linaweza kuyafikisha maji kwenye joto ambalo plastiki haipendi kulivumilia kila siku.

Boila la zamani lilikuwa likifanya kazi. Kwa nini lisitengenezwe tu?

Lilikuwa likipasha maji, ndiyo. Lakini angalia lilivyokuwa likipasha. Kila boila lililofungwa lina valvu ya usalama, kidude kidogo cha shaba nyekundu au njano chenye bomba fupi linaloelekea chini. Maji yakipata moto hutanuka. Lita 300 zikipanda kutoka nyuzi 27 hadi 60 huongezeka kwa takriban lita nne, na zile lita nne lazima zipate pa kwenda. Valvu ile hudondosha, na ndiyo kazi yake. Kwenye boila letu mtu aliona inadondosha, akadhani imeharibika, akaipiga plagi na kuizungushia tepu nyeupe vizuri kabisa. Alifanya kazi safi, na ya hatari kuliko zote zilizowahi kufanywa ndani ya nyumba hii. Kilichotuokoa ni kutu: boila lilianza kuvuja tumboni kabla halijapasuka.

Ukiondoa hilo, tangi la ndani limeoza, elementi imefunikwa na chokaa nene, na waya wa ardhi, yaani eathi, ulikuwa umefungwa kwenye bomba ambalo lenyewe halikufika ardhini. Kutengeneza boila la namna hiyo ni kulipia jeneza rangi mpya.

Huku kwetu ni joto. Wazee wanahitaji maji moto ya nini?

Anayeuliza hivi kwa kawaida ana umri wa miaka thelathini na anakoga saa sita mchana.

Mzee wa miaka themanini huamka kabla ya alfajiri. Miezi ya kipupwe, Juni hadi Agosti, upepo wa kusi unapita uani, sakafu ya chokaa ni baridi, na anatakiwa atawadhe, pengine akoge. Ngozi imekuwa nyembamba, viungo vimekaza, wengine wana kisukari na miguu haina hisia nzuri. Akiogopa maji baridi hupunguza kukoga, na asiyekoga vizuri hupata vidonda na fangasi. Wauguzi wanaopita kuwatazama wazee wanalijua hili.

Pia wazee wetu hawajakaa bila maji moto. Wamekuwa wakiyachemsha kwa makaa au gesi na kuyabeba. Bibi wa ghorofa ya pili hushuka na sufuria, hupanda nayo ikiwa inatoa mvuke, mkono mmoja kwenye sufuria na mwengine kwenye kamba ya ngazi. Ngazi za Mji Mkongwe mnazijua zilivyo wima. Kwangu mimi, fedha zote za mradi huu zinalipwa na sufuria ile moja isiyopandishwa tena.

Na wala kukoga maji moto si jambo la kigeni mjini kwetu. Hamamni ilijengwa zama za Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ikiwa na vyumba vya maji moto na vya baridi, na watu waliendelea kuitumia mpaka 1920. Tulikuwa na boila la pamoja kabla babu zetu wengi hawajazaliwa.

Kwa nini hamkuleta boila la gesi, kama yaliyoko kwenye nyumba za wazee Uingereza?

Swali hili limetoka kwa mjukuu anayefanya kazi huko, na ameshaingia kwenye vyumba vya mitambo vya nyumba hizo. Kule boila la pamoja lina kazi mbili: kupasha maji ya mifereji na kupasha vyumba vyenyewe kupitia redieta za ukutani, majira yote ya baridi. Ndiyo maana chumba kizima kinajaa mapampu na mabomba mazito, na gesi inafika kwa bomba la mtaa. Sisi hatupashi vyumba. Hatuna gesi ya bomba. Tuna mitungi, na mitungi lazima mtu aibebe kwenye vichochoro visivyopita gari. Kuiga mtambo ule ni kununua kitu ambacho theluthi mbili ya kazi yake hatuihitaji.

Kitu kimoja cha kule tumekichukua bila aibu, nacho ni kanuni zao za joto la maji kwa wazee. Zimo kwenye jibu la nyuzi 60 hapa chini.

Tangi moja dogo halitoshi? Hawa ni watu kumi na nane tu.

Tulianzia kwenye ndoo. Mzee mmoja anatosheka na ndoo ya lita 20 yenye maji ya nyuzi 40 hivi. Maji yetu ya kawaida yana nyuzi 27 au zaidi kidogo, na maji ya hita tunayataka nyuzi 60. Ukichanganya, ndoo hiyo inataka lita nane za moto na kumi na mbili za kawaida. Wakaazi kumi na nane wakikoga asubuhi moja ni lita 144 za maji ya moto.

Hapo hita moja ya lita 200 inaonekana inatosha. Tatizo ni kwamba kila lita inayotoka juu ya hita inaingiza lita ya maji yasiyo moto chini yake, kwa hiyo robo ya mwisho ya tangi haina joto la maana. Halafu hakuna anayekoga kwa zamu za kitabu. Mahitaji yanakuja kwa mkupuo: kati ya saa 10 na nusu na saa 11 na nusu alfajiri, na mkupuo wa pili Ijumaa kabla ya kwenda msikitini. Siku za Ramadhani ule wa kwanza unatangulia kwa sababu watu wako macho na daku. Hita mbili zinatupa nafasi, na moja ikifungwa kwa matengenezo nyengine inaendelea.

Kwa nini jua? Na masika itakuwaje?

Kwa sababu ya yuniti. Kupasha lita 200 kutoka nyuzi 27 hadi 60 kunakula yuniti saba na nusu hivi za umeme. Hita mbili ni yuniti kumi na tano kwa siku, kila siku, kwenye mita ya TUKUZA inayolipiwa kabla. Jua likifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, umeme unabaki kwa kumalizia.

Masika, Machi hadi Mei, mawingu yanaweza kukaa siku tatu mfululizo. Ndipo elementi inapofanya kazi. Tumeiwekea saa: inaamka saa 8 usiku, inapima, na ikikuta maji hayajafika nyuzi 60 inayapandisha. Kutoka nyuzi 45 mpaka 60, elementi ya kilowati mbili inachukua chini ya saa mbili, kwa hiyo saa 10 mambo yako tayari. Hata mkitaka kuokoa umeme, msiizime saa hiyo ya elementi. Sababu iko kwenye jibu linalofuata.

Swali dogo lililokuja pamoja na hili: paneli zinaelekezwa wapi? Kaskazini, kwa mwinamo mdogo. Unguja iko nyuzi sita kusini mwa ikweta, na sehemu kubwa ya mwaka jua la mchana linapita upande wetu wa kaskazini. Ukimuona fundi anaielekeza kusini kwa sababu ndivyo alivyoona kwenye picha ya Ulaya, msimamishe.

Mwanangu anasema maji ya nyuzi 60 yanaunguza. Mnataka kutuchoma?

Mwanao anasema kweli. Maji ya nyuzi 60 yanaweza kumuunguza mtu mzima vibaya ndani ya sekunde tano, na mzee mapema zaidi kwa kuwa ngozi ni nyembamba na mkono hauondoki haraka. Mwenye kisukari anaweza asihisi mpaka malengelenge yatoke.

Basi kwa nini tusiyahifadhi kwa nyuzi 45 tu, yakawa salama? Kwa sababu kuna bakteria anayeitwa Legionella. Alipewa jina hilo baada ya mkutano wa maveterani wa American Legion kule Philadelphia mwaka 1976, watu wengi walipougua nimonia na kadhaa wakafariki. Anaishi kwenye maji, na anastawi kati ya nyuzi 20 na 45. Mtu hampati kwa kunywa hasa; humpata kwa kuvuta matone madogo yanayorushwa na bomba la mvua au mfereji unaotema. Wanaoathirika zaidi ni wazee, wavutaji sigara na wenye maradhi ya mapafu. Maji yakihifadhiwa kwa nyuzi 60, hawezi kuishi.

Kwa hiyo tunayahifadhi yakiwa moto na kuyatoa yakiwa ya uvuguvugu. Kabla ya kila bafu kuna valvu ya kuchanganyia, inayopokea moto na baridi na kutoa joto moja. Kwa bafu za wazee Uingereza kikomo ni nyuzi 44, na kwa bomba la mvua 41. Sisi tumeweka 41 kote. Valvu nzuri ina tabia moja ambayo lazima ijaribiwe mbele yenu: maji ya baridi yakikatika ghafla, nayo ya moto inayafunga yenyewe. Tutafunga koki ya baridi, tutaweka kipimajoto chini ya mfereji, na kila anayetaka atatazama. Ikiendelea kutoa moto, inarudi dukani.

Kuna ujanja wa presha hapa ambao nyumba nyingi huukosa. Valvu hizi zinataka moto na baridi vije kwa nguvu inayolingana. Ukichukua baridi moja kwa moja kutoka pampu na moto kutoka tangi la juu, valvu inachanganyikiwa na maji yanapanda na kushuka joto mtu akiwa na sabuni machoni. Kwetu vyote viwili vinatoka tangi moja la paa. Nguvu yake ni ndogo, ndiyo: kila mita kumi za urefu ni bar moja tu, na ghorofa ya juu haipati hata robo ya hiyo. Tumenunua valvu za presha ndogo kwa makusudi. Wanaopenda bomba la mvua linalopiga mgongo watasikitika. Watu wa ndoo hawataona tofauti.

Na maji ya baridi je? Mbona yanatoka vuguvugu?

Swali zuri, na vitabu vya nchi za baridi havisaidii sana. Wao husema maji ya baridi yakae chini ya nyuzi 20. Kwetu hayawezi, hata yakitoka kisimani. Tangi jeusi juu ya bati mchana wa kaskazi linapika.

Tunachoweza ni haya: tangi la juu liwe dogo ili maji yasilale, liwe na kivuli, mfuniko wake ufunge kweli, lisafishwe na kutiwa klorini kwa kiasi kinachopimwa, na mfereji wa chumba kisicho na mtu ufunguliwe angalau mara moja kwa wiki. Chumba cha marehemu au cha aliyekwenda Pemba kwa mwanawe ndicho chenye maji yaliyolala. Dakika chache zinatosha. Mimina ndooni umwagilie maua.

Nyumba ni ya mawe na boriti. Itabeba matangi hayo?

Hapa ndipo nilipopoteza usingizi, si kwenye boila.

Lita moja ya maji ni kilo moja. Lile tangi la lita 1,000 ambalo watu hulitupa tu juu ya paa ni tani nzima, bado hujahesabu tangi lenyewe. Chini yake kuna nini? Boriti za mikandaa, urefu wa mita tatu hivi (ndiyo maana vyumba vyetu vyote ni vyembamba), mawe madogo, chokaa na udongo. Boriti kavu ina nguvu ya ajabu na inaweza kuwapita wajukuu wetu. Boriti iliyoloa kichwa chake ndani ya ukuta huoza kimyakimya, na dari hukaa kwa mazoea mpaka siku ikikataa.

Tulipotoboa plasta karibu na bomba la zamani la ghorofa ya kwanza, kichwa cha boriti moja kilitoka kwa kijiko. Bomba lilikuwa likitoa jasho tu, tone kwa muda mrefu, nyuma ya plasta ya saruji. Saruji juu ya ukuta wa mawe ya matumbawe inafungia unyevu ndani. Chokaa ingeupumua, na tungeona doa mapema. Boriti hiyo na jirani zake zimebadilishwa, na ukuta umerudishiwa chokaa.

Kwa hiyo mzigo mkubwa, zile lita 5,000, unabaki ardhini uani. Juu ya paa tangi la lita 500 na hita mbili hazikai juu ya boriti kabisa. Zinakaa juu ya fremu ya chuma iliyopigwa zinki, inayolala juu ya kuta mbili nene, ili uzito ushuke kwa ukuta mpaka msingi. Mabomba yote mapya yanapita nje ya ukuta, yanaonekana. Baadhi yenu mmesema yanaharibu sura. Yanaharibu, kidogo. Lakini likivuja mtaliona siku hiyohiyo.

Mmepata ruhusa?

Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kazi ya paa inapitia Mamlaka ya Kuhifadhi na Kuendeleza Mji Mkongwe. Nyumba ya wakfu inapitia pia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Sheha ajulishwe. Anzeni na karatasi kabla ya kununua hita, maana hita isiyoruhusiwa paani hairudishwi dukani.

Maji yatakatwa kwa muda gani?

Hatutakata nyumba nzima kwa wakati mmoja. Tangi jipya la uani linasimamishwa kwanza na kuwekewa mifereji miwili ya muda, mmoja uani na mmoja ghorofa ya kwanza, kabla bomba lolote la zamani halijaguswa. Kisha tunahama upande kwa upande. Upande unaofanyiwa kazi utakosa maji baada ya chai ya asubuhi hadi karibu na alasiri, na vijana wawili wamepewa kazi moja tu, kujaza ndoo na mapipa ya vyoo vya ghorofa za juu. Asiachwe mzee kushuka na ndoo.

Kazi haifanywi Ijumaa. Wala haifanywi Ramadhani.

Mafundi wataingia vyumbani mwetu?

Bafuni, ndiyo. Chumbani, ikibidi tu. Watapiga hodi na kungoja jibu, na kwa bibi anayekaa peke yake atakuwapo mwanamke wa kamati muda wote. Mkaazi aliye edani tumempangia mwisho, na bomba lake linapitishwa nje.

Ile pamba ngumu nyeupe iliyozungushwa mabomba ya zamani, ni asbestosi?

Hakuna anayeweza kujua kwa macho. Asbestosi ilitumika sana zamani kufunikia boila na mabomba ya moto, na kwenye bati za saruji pia. Ikikaa bila kuguswa haina neno kubwa. Ikikwaruzwa na kupigwa nyundo inatoa vumbi linaloingia mapafuni na kuleta maradhi miaka mingi baadaye. Mpaka kipande kipimwe, tunaihesabu kuwa ndiyo. Inaloweshwa, haisagwi, haifagiliwi kavu, na haitupwi jaa la mtaa. Watoto wasichezee karibu na chumba.

Kwa nini sufuria na hita zetu zinajaa magamba meupe?

Kisiwa chetu kimekaa juu ya mawe ya chokaa ya matumbawe. Maji ya mvua yanapita humo, yanayeyusha chokaa, na tunayanywa. Yakipashwa, ile chokaa inarudi kuwa jiwe na kushika elementi. Kadiri maji yanavyozidi kuwa moto ndivyo magamba yanavyozidi, sababu nyengine ya kutopita nyuzi 60 bila haja. Elementi iliyofunikwa hula umeme mwingi na mwishowe hukatika. Hita zetu zina mlango wa kuichomoa na kuisafisha. Tulikataa aina ambayo imefungwa moja kwa moja, ingawa ilikuwa rahisi zaidi. Kichwa cha bomba la mvua kikiziba, kilowekeni kwenye siki au maji ya ndimu usiku mmoja.

Visima vya karibu na pwani vina jambo la ziada, chumvi, na chumvi inakula vyuma. Ndani ya hita kuna kijiti kinachoitwa anodi ambacho kazi yake ni kuliwa badala ya tangi. Kikiisha, zamu ni ya tangi. Watu wengi hawajui kama kipo.

Umeme ukikatika?

Wakaazi wengi hapa wanakumbuka kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilipokaa gizani baada ya hitilafu kwenye njia ya umeme wa chini ya bahari kutoka Bara. Waya mpya wa megawati 100 ulianza kazi 2013 na hali si ile. Lakini yaliyoumiza watu zaidi miezi ile yalikuwa maji, kwa kuwa pampu zilisimama.

Tumelipanga hivi: maji yakishafika tangi la juu yanashuka yenyewe kwenye mifereji na kwenye hita, na hita za jua zinazungusha maji yake bila pampu, kwa kuwa yenye moto ni mepesi na hupanda. Lita 500 haziendi mbali kwa watu kumi na nane, ila zinavusha usiku mmoja. Zikiisha, uani kuna lita 5,000 na pampu ya mkono.

Wazee watalipia?

Ujenzi hapana. Umeme wa pampu na hita unalipwa na mfuko wa nyumba, ambao unapata kodi ya maduka mawili ya chini. Limetolewa pendekezo kila mkaazi achangie kutoka Pensheni Jamii. Mimi nalipinga waziwazi. Pensheni hiyo ilipoanza Aprili 2016, kwa waliofika miaka 70, ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Ni pesa ya dawa na samaki. Watoto walioko nje wanaotaka kusaidia wachangie mfuko wa matengenezo, wasinunue vifaa na kuvituma. Tumeshapokea pampu nzuri sana ambayo vipuri vyake haviko Darajani wala Dar es Salaam.

Nani atautazama mtambo mkishaondoka?

Kuna daftari limefungwa kwa uzi ndani ya mlango wa chumba. Kijana wa zamu anaandika joto la hita kila asubuhi, kwa sababu geji iko usawa wa macho na haihitaji ngazi. Kila wiki anabonyeza kitufe cha majaribio cha swichi inayokata umeme unapovuja (ya miliampia 30, isiporuka, anazima hita na kupiga simu). Kila mwezi anabadilisha pampu, ile ya akiba ishike kazi, kwani pampu isiyotumika hukwama. Anatazama pia boya la tangi la uani. Boya ndilo linalozima pampu maji yanapokwisha. Likikwama, pampu inazunguka kavu na kuungua.

Kwa mwaka mara moja anakuja fundi: anodi, elementi, valvu za kuchanganyia, kusafisha matangi. Fedha ya ziara hiyo inatengwa mwezi wa kwanza, si siku boila linapokufa.

Bomba moja juu ya paa limeandikwa kwa rangi nyekundu USIZIBE. Ni bomba la kupumulia la hita. Litadondosha mara mojamoja.

Naruhusiwa kuendelea kuchemsha maji kwa jiko langu la makaa?

Kwa chai, kwenye upande wa wazi, hatukuzuii. Ndani ya chumba kilichofungwa, tafadhali usifanye, hasa usiku wa kipupwe. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamki. Hita ya gesi ndani ya bafu lisilo na dirisha ina hatari hiyohiyo.

Mjukuu wangu ni fundi bomba. Anaweza kuja kuangalia kazi?

Aje. Amuulize fundi wetu alijaribu mabomba kwa presha gani na kwa muda gani kabla ya kuyafunika kwa vishikizo na rangi. Jibu sahihi ni mara moja na nusu ya presha ya kazi, geji ikiwa imetulia bila kushuka. Atazame kama valvu ya usalama ya kila hita ina bomba linaloelekea mahali panapoonekana, bila koki katikati. Aangalie eathi inaishia wapi. Akipata kasoro aiandike kwenye daftari, aweke jina.

Boila la zamani linakwenda wapi?

Linapimwa kwa kilo na kuuzwa chuma chakavu, mbele ya wajumbe wawili wa kamati. Shaba inapimwa mbali, maana bei yake ni tofauti kabisa na chuma na hapo ndipo kilo hupotea. Risiti itabandikwa barazani na pesa inaingia mfuko wa matengenezo. Tayari watu watatu wamekuja kuuliza kama wanaweza kupewa lile pipa la ndani walifanye jiko. Limetoboka chini, lakini wakitaka, bei ni ileile ya kilo.